Watu Kumi wa Valdecuervo

Casilda Herrero alikuwa meya wa watu wanane, na hakuna aliyewahi kumsikia akilalamika kwamba ni wachache. Wanane wa Valdecuervo wana vichwa vigumu kuliko elfu themanini wa mjini, alisema, na aliyebisha alikaribishwa aje ajaribu kuwaamulia kesi ya mpaka wa shamba. Alikuwa mjane wa miaka sitini na tisa, mfupi, mwenye sauti ya kumfikia mbuzi aliye bonde la pili, na katika miaka kumi na tisa ya umeya hakuwahi kushindwa na jambo alilolitia nia. Alipoambiwa kwamba barabara ya lami haiwezekani, alikwenda kukaa ofisini kwa mkuu wa jimbo na sindano zake za kufumia. Alikaa siku nne akifuma soksi bila kusema neno. Siku ya tano barabara ikawezekana.

Ukiondoa lami hiyo, kijiji kilikuwa kimekwisha nyang'anywa kila kitu. Shule ilifungwa watoto walipokwisha. Daktari aliacha kuja. Gari la mkate lilipita Jumanne na Ijumaa, likipiga honi kana kwamba linaogopa kusimama. Kilichobaki ni sanduku la kura. Kila uchaguzi polisi wawili walilileta asubuhi na mapema, likawekwa juu ya meza katika lile jengo la shule ya zamani, na saa tatu kamili wanane wote walikuwa wamepanga foleni na bahasha mkononi. Nusu dakika baadaye kura zote zilikuwa ndani. Kituo ambako kila mtu amekwisha piga kura kinaruhusiwa kuhesabu na kufunga, kwa hiyo Valdecuervo kilikuwa kijiji cha kwanza katika Hispania nzima kutoa matokeo. Televisheni zilikuja. Watoto wa kijiji waliohamia Zaragoza walikuja na watoto wao, wakala makombo ya mkate yaliyokaangwa kwa mafuta ya nguruwe, na kwa siku moja dohani zote zikatoa moshi. Ili wasije wakashindwa na kijiji kingine, Casilda aliwafanyisha mazoezi mara mbili kwa mwaka, yeye mwenyewe akishika saa, na mzee Fermín akinung'unika kwamba hata jeshini hakusumbuliwa hivi.

Kisha ikaja sheria mpya. Kituo chenye walioandikishwa pungufu ya kumi siku uchaguzi unapotangazwa kitafungwa, na sanduku lake litapelekwa Almanegra, mwendo wa kilomita thelathini na nne za kona. Casilda aliisoma barua mara mbili, akaikunja, akasema wamepungukiwa wawili tu na atawapata. Uchaguzi ulikuwa bado miaka miwili. Mtu mwenye miaka miwili mkononi hakimbii.

Lakini serikali ilikuwa ya wachache bungeni, na serikali ya namna hiyo haiishi kwa kalenda. Haikuwa na wabunge wa kutosha kupitisha hata sheria ya mizinga ya nyuki mpaka ivibembeleze vyama vidogo, na kila chama kidogo kilikuja na sharti lake na sura ya bwana harusi anayengojwa kanisani. Ilikuwa serikali ya chama cha Casilda, chama cha baba yake kabla yake. Kila mtu pale kijijini alijua. Alilifuatilia Bunge redioni kama wengine wanavyofuatilia mpira, akiwazodoa wabunge kwa majina, na kila mara watu waliponong'ona kuhusu uchaguzi wa mapema aliwakatisha.

"Inayumba, haianguki," aliwaambia. "Mimi nayumba tangu goti hili lianze kuniuma. Mmeniona nimeanguka?"

Jumapili moja ya Novemba walikuwa wote ndani ya klabu ya kijiji, chumba chenye jiko la kuni na kaunta ambayo kila mtu alijimiminia mwenyewe, redio ilipotangaza kwamba chama kimoja cha pwani kimebadili msimamo. Alhamisi bajeti ikifika Bungeni, watasema hapana. Waziri Mkuu naye akajibu palepale kwamba wakiiangusha bajeti, atalivunja Bunge siku hiyohiyo na kwenda kwa wananchi.

Mzee Fermín, mwenye miaka tisini na moja na aliyeupigia kura upinzani tangu kura zilipoanza kupigwa, aliweka glasi yake chini taratibu.

"Casilda," akasema, "naona goti limeanguka."

Walicheka, na yeye akacheka nao, maana utani mzuri aliuheshimu hata ukimchoma. Lakini kichwani alikuwa amekwisha anza kuhesabu. Bunge likivunjwa Alhamisi, daftari linafungwa Alhamisi. Kuandikishwa kunataka muhuri wa katibu, na katibu mwenyewe alihudumia vijiji vitano; Valdecuervo zamu yake ilikuwa Jumanne, saa nne hadi saa sita. Siku mbili, watu wawili. Akawaambia hiyo ni kazi ya asubuhi moja, akajimiminia glasi ya pili.

Wawili hao alikuwa nao moyoni siku zote. Walikuwa mwanawe Néstor na mkewe Gemma, wakazi wa Zaragoza. Hakuwa amewaambia, kwa sababu hakuona la kuwaambia. Mtoto wa Valdecuervo ni wa Valdecuervo. Karatasi inafuata tu.

Simu za mkononi zilishika mtandao mahali pamoja tu, kwenye kiwanja cha zamani cha kupuria ngano juu ya kijiji. Jumatatu, jua likichomoza, Casilda alipanda huko akiwa amejifunga shali mbili, akampigia mwanawe kabla hajaenda kazini. Alimweleza yote kwa pumzi moja. Aje kesho na Gemma, waje na vitambulisho, saa sita watakuwa wamemaliza, na atawapikia dengu kwa soseji.

Néstor alimsikiliza mpaka mwisho, na hiyo ilikuwa dalili mbaya. Kisha akaanza kueleza. Akihamisha makazi, atapoteza kibali cha kuegesha gari mtaani kwake. Na mtoto anaanza shule mwakani. Shule iliyo karibu inachukua waliosajiliwa mtaa huo tu.

"Ni karatasi tu, Néstor," Casilda alisema.

"Kama ni karatasi tu, Mama, mbona umeamka alfajiri kuniomba?" Sauti yake haikuwa na ukali. "Mara ya mwisho nililala hapo siku ya mazishi ya baba. Nikisema naishi Valdecuervo nitakuwa nadanganya, na wewe ndiye uliyenichapa nisidanganye."

Casilda alimtakia mwanawe kazi njema, akakata simu, akabaki amesimama pale juu na hasira isiyo na mwenyewe. Aliumia, tena sana. Alikuwa amemlea kijana yule ajue kila jiwe la kijiji, na sasa kijiji chenyewe hakikukizidi uzito kibali cha kuegesha gari.

Fimbo ya mbali haiui nyoka. Hilo hata yeye alilijua. Akatazama chini kutafuta fimbo ya karibu. Asubuhi ilikuwa ya baridi kali na isiyo na upepo, moshi ukipanda wima, na kwa mazoea ya mtu mwenye kijiji akaanza kuhesabu dohani. Yake hakuiwasha bado. Ya Fermín. Ya dada wawili waliokaa pamoja. Ya kina Baltasar, wanne nyumba moja. Ya klabu, ambako mtu alikuwa amekwisha anza kuchoma kuni za umma. Na moja zaidi, mwisho wa Mtaa wa Juu, moshi mzito kuliko yote, wa watu walioamka kabla ya kila mtu.

Ilikuwa nyumba ya mchunga kondoo.

Casilda alikaa juu ya jiwe. Segundo Quishpe na mkewe Rosaura walifika kutoka Ekwado miaka sita iliyopita kuchunga kondoo wa tajiri mmoja wa Almanegra, na tangu siku hiyo hawakulala nje ya Valdecuervo hata usiku mmoja. Theluji ilipofunga barabara, Segundo ndiye aliyeifukua. Fermín alipoteleza kisimani, Rosaura ndiye aliyembeba. Uraia waliupata, Casilda alikumbuka. Walileta keki klabuni, na yeye alikula vipande viwili. Na tangu barua ile ifike, akiwahesabu watu waliohama kabla ya redio kuwa na betri, hakuwahi kuwahesabu wao.

Tena kulikuwa na jambo baya zaidi, na aliliona lote kwa mara moja. Wiki yao ya kwanza kijijini, Rosaura alikuja ofisini kwake kuomba kuandikishwa. Casilda hakuinua macho kutoka kwenye makaratasi yake. Alimwambia daftari lile ni la watu wa pale, na kwamba wao wataondoka kabla theluji haijayeyuka. Rosaura alisema ahsante. Wakaenda kuandikishwa Almanegra, kwa anwani ya tajiri wao. Tangu siku hiyo Rosaura alimsalimia kila asubuhi, "Habari za asubuhi, Bi Meya," na hakuongeza hata neno moja. Casilda alikuwa akidhani ni haya ya ugeni. Sasa uso ulimwaka kwa aibu kwenye baridi ile.

Hakupita nyumbani. Kwenda na jibini kungekuwa rushwa, na kwenda na ombi la msamaha alilokariri kungekuwa uongo, kwa hiyo alikwenda mikono mitupu.

Rosaura alikuwa mlangoni akimnywesha mwanakondoo yatima kwa chupa. Alimkaribisha ndani, akampa kiti karibu na moto na kahawa, kwa adabu kamili iliyomfanya Casilda ajisikie kama ofisa wa kodi. Segundo alikuwa anavaa buti. Casilda akaanza, na alianza vibaya. Alieleza sheria, Alhamisi, katibu, watu kumi, kisha akasema kila mtu ana wajibu kwa kijiji chake.

"Kijiji chake kipi, Bi Meya?" Rosaura aliuliza.

Mwanakondoo aliendelea kunyonya. Casilda aliiweka kahawa chini.

"Nilikufukuza mlangoni kwangu," akasema. "Sikuwa na haki. Nilisema mtaondoka, na walioondoka ni watoto wetu wenyewe. Naomba unisamehe, Rosaura. Na hata usiposamehe, kesho njoo uandikwe, maana jina lako lilipaswa kuwa mle miaka sita iliyopita, kuwe na uchaguzi kusiwe na uchaguzi."

Segundo alimaliza kufunga kamba za buti la pili. Alikuwa mtu wa maneno machache, na alipoyatoa aliyatoa bila haraka.

"Mimi kila jioni nahesabu kondoo mia nne na sitini," akasema. "Kwa mazoea nikafika mahali nawahesabu na watu wa hapa, mmoja mmoja, nikiona taa. Miaka yote napata kumi. Sikujua mama unapata wanane."

Casilda alikuwa na machozi, na hakupenda kuonekana nayo, kwa hiyo aliutazama moto.

Rosaura alimweka mwanakondoo kwenye boksi lake, akajifuta mikono. Alisema angekuja. Lakini alikuwa na sharti, na Casilda akakaa sawa, maana masharti alikuwa amezoea kuyasikia kwa vyama vidogo redioni, na sasa alijua yanavyowasha.

"Uchaguzi uliopita tajiri alitupakia kwenye gari," Rosaura alisema. "Njiani akatupa bahasha, zimekwisha gundishwa. Nikaitumbukiza kama mtu anayepeleka barua ya mwenzake. Halafu jioni nikawaona nyinyi kwenye televisheni. Mmejipanga na bahasha zenu, kila mmoja anajua ya mwenziwe, mnakimbia. Wenyewe mlifurahi. Mimi sikufurahi. Nikipiga kura hapa, nataka pazia. Nataka karatasi zote zikiwa nyuma ya pazia, niingie peke yangu, na nisitoke mpaka nimemaliza kufikiri."

"Utachukua muda gani?" Casilda aliuliza kabla hajajizuia.

"Nitakaouchukua."

Mara tatu mfululizo Valdecuervo ilikuwa ya kwanza. Casilda alikuwa ametundika magazeti ukutani. Navalseca, kijiji cha jimbo jirani chenye wapiga kura kumi na mmoja na kiburi cha elfu, kilikuwa kinangoja tu nafasi. Aliuona ushindi ule ukitembea kwenda zake, na ulimuuma kweli, kwa sababu ndicho kitu pekee ambacho yeye mwenyewe alikipa kijiji chake bila kumwomba mtu. Lakini mtaka cha mvunguni sharti ainame, na yeye alikuwa amekwisha inama. Hakuwa na sababu ya kusimama mikono mitupu.

"Pazia nitalitundika mimi mwenyewe," akasema. "Na anayekuharakisha atajibu kwangu."

Jumanne katibu alifika na begi lake na mafua yake. Alifungua daftari, akatafuta, akakuna kichwa. Nyumba ya mwisho ya Mtaa wa Juu, kwa mujibu wa makaratasi, ni ghala la nyasi kavu. Haina nambari. Watu hawawezi kukaa ghalani, alisema, labda wasubiri mkaguzi aje kutoka mjini.

"Dohani yake ndiyo inayowashwa mapema kuliko zote," Casilda alimwambia. "Nyasi hazipiki kahawa. Iandike nambari kumi."

"Bi Casilda, mtaa huo una nambari nane."

"Basi andika tisa, tusigombane."

Katibu alimtazama, akakumbuka habari za mkuu wa jimbo na zile soksi, akaandika tisa. Rosaura alitia sahihi taratibu, jina lake lote, na la baba yake, na la mama yake. Segundo akatia yake. Muhuri ukagonga mara mbili.

Alhamisi klabu ilijaa. Yaani walikuwa kumi. Redio ilisoma kura za chama kimoja baada ya kingine, na kabla haijafika mwisho kila mtu alikuwa amekwisha jua. Bajeti ilianguka kwa kura nne. Saa nane mchana Waziri Mkuu alitoka akasema Bunge linavunjwa na uchaguzi utakuwa Januari. Casilda alisikitika, maana kilikuwa chama chake na alijua kitapigwa. Mzee Fermín aliyengoja siku hiyo kwa miaka mitatu alifungua mdomo ili afurahi, akamtazama, akaufunga, akamsogezea sahani ya zeituni.

Wengine ndio waliolalamika, wala si kuhusu serikali. Habari za pazia zilikuwa zimeenea. Baltasar alisema Navalseca watawacheka mpaka meno yawadondoke. Dada mmoja wa wale wawili akauliza pazia la nini kwa watu wanaojuana mpaka nguo za ndani. Casilda aliwaacha waseme mpaka wakaishiwa.

"Navalseca watatangulia," akasema. "Na waende. Sisi tumebakiwa na sanduku, na mtu akitaka kufikiri humu kijijini, atafikiri."

Kesho yake alikwenda kwenye ile shule ya zamani na nyundo, waya na kitambaa kizito cha kijani alichopewa siku ya harusi yake, ambacho hakuwahi kukitumia kwa kuogopa kukichafua. Fermín alifuatana naye amshikie misumari. Casilda alipomaliza alitaka kujua kama mwanga unatosha ndani, akaingia akavuta kitambaa.

Mwanga ulitosha. Kulikuwa na rafu ya mbao, na juu yake alipanga karatasi za vyama za uchaguzi uliopita, zilizobaki kabatini, moja ya kila chama, ili aone kama zitaenea. Zilienea. Hakuwa amewahi kuziona zimekaa pamoja. Kura yake ya kwanza, akiwa na miaka ishirini na miwili, baba yake alimpa bahasha mezani wakati wa kifungua kinywa, na tangu siku hiyo kila bahasha aliyoitumbukiza iligundishwa kwenye meza ileile, kabla hajatoka nyumbani. Huko nje kulikuwa na foleni siku zote, na baba, halafu mume, halafu kijiji kizima kilichojua meya wake ni wa nani. Humu ndani hamkuwa na mtu. Akainyanyua karatasi ya chama chake, akayasoma majina yaliyo juu yake kwa mara ya kwanza, mpaka chini. Akairudisha, akaichukua iliyofuata, akaisoma nayo.

"Casilda," Fermín akaita kutoka nje, mkono umejaa misumari. "Umepatwa na nini humo? Unafanya nini muda wote huo?"

"Ngoja kidogo, mzee," akajibu. "Nafikiri."

Na alikuwa akifikiri kweli.